Mtoto wa Mwajabu Aitwe Nani

Hapo zamani, wala si zamani ya kusahaulika, aliishi Handeni mwanamke aitwaye Mwajabu. Marehemu mama yake alimwachia kitu kimoja tu: mti wa maua, haibiskasi nyekundu, ubavuni mwa mlango, aliyoipanda kwa mkono wake. Mwajabu akaipalilia, akaipogoa, akaitia samadi. Kila ilipochanua alisema, "Mama kaamka."

Akashika mimba, mimba ikawa nzito. Mkunga akamtaka akakae mjini, karibu na hospitali, mpaka ajifungue. Miezi minne! Na kiangazi ndiyo kwanza kinaanza.

Jirani yake, Bi Hadia, akamwambia, "Nenda, mwanangu. Maji niachie mimi." Kisima kilikuwa mbali, akaenda. Maji yakapungua, akaenda. Siku alipopata ndoo moja tu, hakuoga, haibiskasi ikanywa.

Wadudu weupe wakavamia majani. Mwanjaa, wifi yake Mwajabu, akachukua kitambaa na maji ya sabuni, akafuta jani moja moja. Wakarudi, akafuta. Wakarudi tena, akafuta tena.

Siku moja akapita Salima, aliyegombana na Mwajabu, mwaka mzima hawasalimiani. Hakuomba ruhusa. Akakata tawi, akaondoka nalo.

"Mwizi!" Bi Hadia akamfokea. Salima hakugeuka.

Mwezi wa nne tangu Mwajabu aondoke, mchwa wakala mizizi. Haibiskasi ikafa imesimama.

Mwajabu akarudi na kichanga cha kike kifuani; Bi Hadia na Mwanjaa wakampokea uani, wakamsimulia yote. Akaiona haibiskasi imekauka mlangoni. Mara Salima akaingia uani na kopo la samli lililojaa udongo; ndani yake mche, na juu ya mche ua moja jekundu.

"Niliutamani mti wako tu, nami niwe na wangu," akasema. "Ulipochanua nikamkumbuka mama yako. Chukua."

Mwajabu akalia, akashukuru mpaka maneno yakamwisha. "Kesho ni siku ya saba," akasema. "Nataka mwanangu apate somo wake kwenu, aitwe kwa jina la mmoja wenu. Lakini jina ni moja, nanyi mko watatu."

Bi Hadia akasema, "Bila maji yangu, tawi lingekatwa wapi?"

Mwanjaa akasema, "Tawi lenye wadudu halishiki. Nililisafisha mimi."

Salima akainamisha macho. "Mliyoitunza imekufa. Iliyo hai niliipanda mimi."

Mwajabu akawatazama mmoja mmoja, moyo umemjaa, asimwone wa kumwacha.

Haya, mnaonisikiliza, kumekucha na wazee wamekwisha keti: mtoto aitwe Hadia, aitwe Mwanjaa, au aitwe Salima? Je, nani alistahili?