Kisima Kisichokauka

Paukwa!
Pakawa!
Mtungi!
Mtupu!
Nani ataujaza?
Wewe!
Haya, mimi mtekaji, nyinyi wenye kiu. Kaeni basi.

Hapo kale aliondokea mjane, jina lake Bi Mwanakombo, na mali yake ng'ombe mmoja tu. Mto wa kwao ulikauka, mahindi yakafa, ng'ombe akabaki mbavu tupu. Akasema, "Nitamtoa huyu ng'ombe nipate shamba lenye maji. Nikikosea, nimekwisha."

Akenda, akenda, akenda, akafika kwa Bwana Shaame. Shaame huyo mdomo asali! Shamba la kuuza analo, na kisima kipo katikati, kimefunikwa mbao.

"Kaka Shaame, kisima hiki kizima?"

"Dada yangu, tangu babu alipokichimba, hakijakauka!"

"Hata kiangazi?"

"Hakijakauka!"

"Hata mwaka ule wa njaa, watu walipokula mizizi?"

"Naapa mbele ya majirani, hakijakauka!"

Majirani wakakohoa. Mbona mnacheka? Ngojeni kwanza.

Bi Mwanakombo akatazama kamba ya ndoo. Nyeupe, haina hata doa la tope. Akatazama njia ya kisimani. Nyasi zimeota. Mara akamwona mke wa Shaame mwenyewe anapanda kilima, ndoo kichwani, anahema. Bibi akaelewa. Kisima hakijakauka, kwani kililowa lini? Moyo ukamuuma, akatamani kulia. Lakini dawa ya moto ni moto.

"Nimekubali, kaka. Nami nitakulipa ng'ombe ambaye hajaugua hata siku moja."

"Hata kikohozi?"

"Hajaugua!"

"Hata homa ya kupe?"

"Hajaugua!"

"Hata mwaka ule wa sotoka, mazizi yalipobaki matupu?"

"Naapa mbele ya majirani, hajaugua!"

Wakapeana mikono. Shaame mbio, kashika kamba ya ng'ombe.

"We! Mwache huyo," akasema Bi Mwanakombo. "Huyo juzi tu kahara mpaka basi. Wako hajazaliwa bado."

Majirani wakacheka mpaka wakakaa chini. Shaame akang'aka, "Umenilaghai, mwanamke!"

Mkewe akatua ndoo. "Nani kamlaghai nani? Babu yako alifika kwenye mwamba, akachoka, akaenda kulala. Mimi miaka yote napanda kilima. Shika sururu, mume wangu."

Shaame akachimba, akachimba, akachimba. Mwamba ukapasuka, maji yakamrukia usoni! Ng'ombe akanywa wa kwanza. Kisha Bi Mwanakombo akalichukua shamba, akamkabidhi Shaame kamba, ng'ombe ni yule yule wa kuhara. Shaame akampokea. Na mkewe akawa anateka pale pale, haombi ruhusa kwa mtu.

Ndiyo maana watu wa huko, wakitaka shamba, hawaulizi kama kisima kimekauka. Huuliza, "Kimewahi kulowa?"

Na mtungi wangu umejaa. Hadithi ikiwa tamu, tekeni mpeleke kwenu. Ikiwa chungu, mwageni, lakini mtungi nirudishieni!