Mshipa wa Dada

Wahenga hawakuwa na mashine za kupiga picha, lakini walijua kwamba macho hudanganyika mlangoni. Ndiyo maana walituusia tuingie nyumbani kabla ya kuisifu nyumba. Daktari mmoja wa moyo alifundishwa usia huo angali mdogo, ukaingilia sikio hili ukatokea lile.

Wenzake hospitalini walimwita Jicho. Alipotazama picha ya eksirei, dawa nyeusi ikipita mishipani, alitaja papo hapo mshipa uliobana na kiasi ulivyobana. Sifa zilimvimbisha kichwa, na kusema kweli hakukosea mara nyingi.

Dada yake mkubwa alipoanza kubanwa na kifua kila apandapo ngazi, alikataa daktari mwingine. Dada huyo, fundi cherehani, ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akamsomesha kwa sindano na uzi.

"Moyo wangu aushike Kitinda," alisema, maana ndivyo alivyozoea kumwita mdogo wake huyo, mtoto wa mwisho kwao. "Nilimfuta kamasi huyu, hawezi kuniogopa."

Siku ya kipimo, mrija mwembamba ulipitishwa mkononi mwake hadi moyoni. Picha ikaonyesha mshipa mkuu wa kushoto umebana kidogo karibu na chimbuko lake.

"Hapa pananitia shaka," alisema daktari mwenzake, mwanamke mpole aliyesimama kando. "Hiki ni kivuli cha dawa tu, ukuta hatuuoni. Tuingize mshipani kile kipimo cha mawimbi ya sauti, tuutazame kwa ndani."

Jicho alimtazama dada yake akitetemeka kwa baridi chini ya shuka. Alimwonea huruma, tena alijiamini mno. "Haujabana hata nusu. Vidonge vitatosha. Tusimtese bure."

Dada akageuza shingo. "Umemaliza? Mimi nguo ya mteja huigeuza nikague mishono ya ndani kabla sijamkabidhi. Mimi je, umenigeuza?"

"Wewe si gauni, dada," alijibu, na chumba kizima kikacheka.

Dada alirudi nyumbani na vidonge vyake. Kabla havijaisha, majirani walimkuta ameinamia cherehani, mguu ungali kwenye pedali, roho imeshaacha mwili. Jicho alilia kama mtoto. Baadaye akajifariji kwamba siku za dada zilikuwa zimefika.

Faraja hiyo ilidumu mpaka alipoletewa dereva mmoja mstaafu. Picha yake na ile ya dada zilikuwa kama shilingi kwa ya pili: mshipa uleule, mahali palepale. Safari hii Jicho mwenyewe ndiye aliyeomba kipimo cha mawimbi. Kikapenya mshipani, chembamba kama uzi, na kiooni ukatokea ukuta uliojaa mafuta pande zote, katikati kitundu ambacho damu ilipita kwa taabu.

Jicho akasogea kando ya kitanda. Sasa alijua kilichomuua dada yake.

"Endelea wewe," alimwambia mwenzake.

Dereva aliwekewa kichuma cha kupanua mshipa, akapona. Jicho alikwenda chumba cha kubadilishia nguo, akatungua koti jeupe alilowahi kushonewa na dada, akaligeuza. Mishono ya ndani ilikuwa imenyooka, safi kuliko hata ya nje.

"Dada, sikukugeuza," alisema huku machozi yakililowanisha koti, na aliyestahili kumjibu hakuwepo tena. Hakika, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.