Chungu cha Mama Mkwe

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mmelegea? Hadithi hii haitaki walegevu. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, chini ya mlima wenye barafu, aliishi Nguchiro na mkewe na mtoto wao, Chelu. Kwanza walikuwa na watoto wawili. Yule mkubwa alitapika, akaharisha, akafa. Majirani wakasema ni jicho baya. Lakini Bi Nguchiro alijua mwanawe alikula nini.

Siku moja wakapata kuku. Akapikwa, akaiva. Mama mkwe, mamake Nguchiro, alikuwa anakuja, na mila ya nguchiro ni hii: chungu cha mgeni hakitoki jikoni mpaka mgeni aonje. Kikae pale pale, kimefunikwa, kwenye jivu lenye uvuguvugu, hata mgeni akichelewa.

Mgeni akachelewa. Jua likashuka.

Bi Nguchiro akainuka. Akaepua chungu. Akakata nyama vipande vidogo, chwa, chwa, chwa. Akaitandaza kwenye majani safi ipoe upesi. Mumewe akamwambia mama atakasirika, atawalaani. Akaendelea kukata. Nyama ilipopoa akaitia bakulini, akafunika, akaipeleka pangoni mlimani, kwenye maji ya barafu. Twende, twende, mpaka pangoni.

Asubuhi mama mkwe akafika. Akatazama jikoni, jivu tupu. Akachukua fimbo yake aondoke.

"Nimekuwa mbwa, hata chungu changu kitupwe nje?"

Nguchiro akainama kwa aibu. Mkewe hakuinama. Akaleta nyama ya pangoni, akaichemsha, bwata, bwata, bwata, mpaka ikatokota yote. Kisha akasimama mlangoni.

"Mama, laana nitaipokea. Chelu simtoi kafara. Mwanangu wa kwanza hakuuawa na jicho. Alikula kuku aliyelala jikoni kwenye jivu."

"Chungu cha mgeni gani?"

"Chako, mama. Siku ile hukuja."

Mama mkwe akakaa chini pu! Akalia sana. Alipomaliza kulia akanawa mikono, akamwita Chelu ubavuni pake, akamwambia mkwewe:

"Nipakulie hiyo ya pangoni, mwanangu. Na chungu changu kisilale tena jikoni."

Wakala wote, wakashiba, na hakuna aliyeugua.

Basi wenzangu, wakubwa kwa wadogo: kuku aliyepikwa apozwe upesi, afunikwe, awekwe penye baridi, na kabla ya kuliwa atokote tena. Mila inayoua mtoto haina heshima.

Hadithi yangu imeishia hapo, nanyi nendeni mkafunue vyungu vyenu.