Mtupa Uru Ana Kopa

Mtupa uru ana kopa. Shangazi yenu kalisema hilo sasa hivi, nanyi mmeuliza limetoka wapi. Lilitoka jamvini, mtaa wa Magengeni, siku ya Idi Pili.

Magengeni walikuwa na mchezo wao wa karata, wawili kwa wawili. Mmoja hulaza karata zake wazi, akaligeuzia jamvi mgongo asije akakonyeza, na mwenzake huzicheza karata za wote wawili. Tena walikuwa na desturi moja ngumu: wawili wakishindwa Idi tatu mfululizo, wanatenganishwa, kila mmoja anatafutiwa mwenza mwingine.

Bi Riziki na mdogo wake Tatu walikuwa wameshashindwa mbili. Na tangu Tatu afiwe na mumewe, mtu hakumsikia akicheka popote ila pale, mbele ya dada yake.

Sasa zilibaki karata tatu tatu, na ili washinde ilibidi Riziki ale mizunguko yote mitatu. Tatu alikuwa kageuka, pindo la kanga mdomoni. Riziki alishika kopa tupu: ree, iliyo kubwa kuliko zote, ghulamu na tatu. Jamvini kwa Tatu palilala mfalme wa kopa, kumi yake na nne yake. Aliyekosekana ni bibi wa kopa, aliye chini ya mfalme na juu ya ghulamu.

Riziki alikuwa amehesabu tangu mwanzo. Faki, mpinzani aliyekaa kushoto kwake, alibaki na kopa tatu. Makame, mwenzake Faki, kulia, kopa mbili na ree ya uru. Kwa hesabu, bibi yuko kwa Faki, tatu kwa mbili. Na Faki alikuwa amezikumbatia karata zake kifuani kama mtu aliyebeba mayai.

Akacheza ree. Wote wakatupa ndogo. Akacheza ile tatu ya kopa, Faki akaweka saba. Sasa ni zamu ya karata za Tatu. Bibi akiwa kwa Faki, kumi inatosha kula. Akiwa kwa Makame, aliyebakiwa na kopa moja tu, lazima ashuke mfalme, bibi aanguke chini yake. Akikosea, imekwisha.

Mkono wake ukasimama juu ya ile kumi.

"Shemeji, cheza," Faki akasema. "Kopa haziivi kwa kutazamwa."

Watu wakacheka. Riziki hakuinua macho. Kuna kitu kilikuwa kinamkwaruza rohoni. Kabla hazijabaki tatu tatu, Makame alitupa mfalme wa uru, karata ya kula, naye hakupepesa hata jicho. Mbona hakutupa kopa ndogo? Nani anatupa mfalme ili abaki na vijikopa viwili vya bure?

"Makame, mwanangu," akamwita taratibu, "yule mfalme wa uru alikuchoma mkono?"

"Keshapita huyo, mama. Tucheze yaliyopo."

"Nimeuliza tu. Umemtupa kama ganda la ndizi."

Makame akataka kucheka, kicheko kikagoma. Akazibana karata zake mbili.

Riziki akaiacha kumi. Akashusha mfalme.

Makame akaweka bibi wa kopa. Mzunguko wa mwisho haukuwa na kazi: kumi ikatoka jamvini, ghulamu akala.

Tatu alikuwa bado kageuka, haoni kitu. "Dada," akauliza, "tunatengana?"

"Geuka, mdogo wangu. Changa karata."

Faki ndiye aliyeondoka akilisema neno hilo, akimnung'unikia mwenzake njia nzima, na mtaa ukalidaka. Kwa hiyo ukimwona mtu anatoa kizuri chake bila kuumia, usimtazame alichotoa. Tazama alichobana. Mtupa uru ana kopa.