Mwenye Wimbo

Nipeni masikio, niwape mto.

Palikuwa na Nyamvula, mwimbaji aliyefunzwa wimbo na mto. Kwao mtu haimbi kabla hajamtaja aliyemfunza. Lakini siku moja harusini aliposifiwa, akasema, “Nimeutunga mwenyewe.”

Kiangazi kikaelekea kuisha. Miti ikachipua, kumbikumbi wakaruka, na watu wakamfuata kwenye mchanga mkavu wa mto uliokauka, auite kwa wimbo. Akaimba, kimya. Akaimba tena, kimya. Mara ya tatu maji yakaja polepole, yakasimama mbele yake.

“Wimbo mzuri, mwanangu. Nani kakufunza?”

Watu wote wanasikiliza. Nyamvula akainamisha uso.

“Wewe.”

Mto haukumgombeza. Ukamwosha miguu, ukapita, naye akaona bora ungemzamisha.

Hadithi yangu naiachia hapa ukingoni. Aliyelowa miguu anajijua.