Rimu za Mzee wa Kanisa

Kulikuwa na fundi mmoja wa matairi, mtu mpole kabisa, ambaye upole wake uliisha ndani ya wiki moja kwa sababu ya mzee mmoja wa kanisa. Msitazamane. Siyo wa kanisa hili.

Mzee huyu alikuwa amesomesha watoto, amejenga, na sasa akaona atimize hamu ya ujana wake. Akanunua gari la spoti, jekundu, milango miwili, liko chini hata paka akitaka kupita uvunguni lazima ainame. Jumamosi alikuwa anamwozesha binti yake wa mwisho, na alikuwa amemwahidi kwamba atampeleka kanisani mwenyewe, kwa gari lile, kwa barabara kuu. Ila matairi yaliyokuja na gari aliyaona madogo. Alisema yanalitia gari aibu.

Jumatatu akafika kwa fundi, gari kaliacha nyumbani, na nyuma yake kirikuu, kale kagari ka mizigo, kimebeba rimu nne zinazong'aa na matairi manne mapya. Rimu kanunua duka hili, matairi duka lile. Fundi akasoma namba zilizoandikwa ubavuni, akashusha pumzi.

"Mzee, rimu zako ni inchi kumi na tisa. Matairi ni inchi kumi na nane. Hayavaliki haya."

"Inchi moja tu, fundi. Vuta kidogo. Amini."

"Mzee wangu, hii siyo imani. Hii ni inchi."

Akamweleza taratibu. Kwamba rimu na tairi lazima vilingane, na vyote viwili vilingane na gari, na kwamba kila gari limeandikwa saizi zake. "Ukifika nyumbani fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo, pale mlango unapofungia, kuna karatasi ya kiwandani. Isome, uniletee namba." Mzee akaitikia vizuri sana. Ndugu zangu, nani anajua kuitikia vizuri kama sisi?

Jumatano akaja na gari lenyewe, na kirikuu kinamfuata. Matairi alikuwa amekwenda kuyabadilisha. Sasa yalikuwa inchi kumi na tisa kama rimu, tena mapana ajabu.

"Ulisoma pale mlangoni?" fundi akauliza.

"Nimetazama. Hakuna namba pale."

"Basi tufuate saizi ya haya yaliyofungwa kwenye gari."

"Hayo kayafunga aliyeniuzia, kwa ubahili wake. Wewe funga haya mapya."

Sasa fundi afanye nini? Mzee wa kanisa, Biblia iko juu ya dashibodi, anasema ametazama. Utamwambia sogea nikahakikishe? Akafunga. Kisha akakaa mwenyewe kwenye usukani, akakata kona moja tu palepale uani, na tairi likakwaruza madigadi kwa mlio uliowageuza wateja wote.

"Umesikia, mzee? Linasagika. Ukienda nalo mbio na watu ndani, litapasuka. Niruhusu niyatoe."

"Litazoea," mzee akasema. "Na gari hili limeombewa."

Akaondoka, likikwaruza kila kona mpaka lilipopotea, na kirikuu nyuma yake kimebeba magurudumu ya zamani. Fundi akakaa juu ya boksi la spana, akashika kichwa. Litazoea. Chuma kitazoea. Alikuwa amekasirika kweli, na ndani ya hasira ile kulikuwa na woga, maana yule binti alimfahamu tangu anavaa sare ya shule ya msingi.

Ijumaa asubuhi mzee akarudi, na binti huyohuyo amekaa kando yake, nywele zimeshatengenezwa tayari kwa kesho. Walikuwa wanatoka saluni na gari limeanza kutetemeka. Fundi akainama, akapitisha kiganja kwenye tairi la mbele. Mpira umelika mpaka nyuzi za ndani zinaonekana. Akaenda mwenyewe kwenye mlango wa dereva, akaufungua, akatazama nguzo.

Na kweli, hapakuwa na namba. Palikuwa na stika. Kubwa, ya rangi ya dhahabu, imeandikwa: GARI HILI LINA ULINZI WA MBINGUNI.

Fundi akaanza kuibandua kwa kucha. Mzee akamshika mkono.

"Hiyo usiiguse, kijana wangu. Kaibandika mchungaji, siku ya kuliweka gari wakfu."

Binti alikuwa ameshuka, na zile nyuzi alikuwa ameziona. "Mwache, baba," akasema. "Kesho nitakayekaa humu ni mimi."

Mzee akaachia. Stika ikatoka, na chini yake ikaonekana karatasi ya kiwandani. Maandishi yalikuwa ya Kijapani, lakini namba ni namba. Inchi kumi na saba.

"Yale ya zamani yalikuwa inchi ngapi, mzee?" fundi akauliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka.

"Kumi na saba."

"Yako wapi?"

Mzee akatazama chini. "Nyuma ya nyumba. Kuku wanatagia."

Yakaletwa, yakaoshwa mavi ya kuku, yakafungwa. Hayakukwaruza popote. Na binti akafika kanisani salama.

Mnacheka. Haya, chekeni, halafu mniulize: yule mchungaji hakuiona ile karatasi? Aliiona. Alikuwa na stika yake mkononi, anatafuta mahali tambarare pa kuibandika, akaona kale kakaratasi ka namba, akasema hapa panafaa. Hapo, ndugu zangu, nami nimo.

Maana sisi hatukukosa kuandikiwa. Tumeandikiwa wazi, hata mtoto anasoma: tusameheane, tusemezane kweli, tusimwonee msichana wa kazi. Yuko mtu humu ndani, mwaka wa sita huu hapokei simu ya kaka yake, na sebuleni kwake, juu ya kochi, kuna fremu nzuri imeandikwa kwamba nyumba hii ni ya amani. Na mimi nikialikwa chakula pale, naisifu fremu. Maisha yanakwaruza, majirani wanasikia, watoto wetu wamekaa ndani ya gari hilohilo, na sisi tunasema litazoea. Tukiulizwa kama tulisoma, tunajibu tumetazama, hakuna kitu pale. Wala hatudanganyi. Hatuoni kitu, kwa sababu tumekibandikia jina la Mungu juu yake.

Nimechoka kubandika, nawaambia ukweli. Wiki hii asiniite mtu kwenda kumwombea kitu kipya. Nitakuja bila kuitwa, nitakuomba unifungulie mlango, na tutabandua. Na kwangu pia ziko, tena nyingi kuliko zenu. Njooni na kucha.