Mamba Asiyetaka Kelele Penye Tamthilia

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa kioo!
Kiwake, kisiwake?
— Kiwake, tutazame!

Basi sogeeni, na mwenye simu aizime, maana hadithi hii haina kitufe cha kurudisha nyuma.

Hapo kale, kale ya juzijuzi, Mamba alikuwa na televisheni. Msiniulize aliipata wapi, Mamba haulizwi. Aliiweka ukingoni mwa mto, palepale wanyama wanapokunywa maji, ikawa inaonyesha tamthilia ya wanadamu iitwayo Ukwe Mchungu. Ndiyo, ya wanadamu! Kwani wao si hukaa sebuleni kumtazama simba akimkimbiza swala? Basi wanyama nao wakakaa mtoni kumtazama mama mkwe akimkimbiza mkamwana.

Na kila mmoja na utazamaji wake. Kobe alitazama sehemu moja kwa wiki, akasema utamu haumezwi, hulambwa. Nyani, mshika rimoti, alikuwa ameshaumaliza msimu mzima peke yake, akaona mpaka mwisho, sasa anarudia ili awacheke wenzake. Kanga alitazama huku anaparua chini akitafuta mchwa, kisha anainua kichwa: "Eti, huyu ni nani tena?"

Lakini Mamba aliweka sheria moja. "Tamthilia ikianza, kimya! Atakayesema ni kitoweo."

Na kweli, sehemu ikiisha, ukiwaangalia watazamaji, mmoja hayupo. Lakini nani aangalie? Sehemu inayofuata huanza yenyewe.

Sasa juu ya mawe aliishi pimbi mmoja, mdogo kama sungura, mama mpya wa mtoto wa kwanza. Mtoto aliitwa Kishindo, ingawa mwenyewe angeenea kwenye kifuu cha nazi. Mama Kishindo alikuwa mwoga! Aliogopa mwewe, aliogopa radi, aliogopa mtoto akikohoa, na asipokohoa aliogopa zaidi. Na akiogopa, maneno humtoka mbio kama maji ya maporomoko.

Siku hiyo jua lilikuwa kali, akateremka mtoni, Kishindo mgongoni. Ninywe tu niondoke, alijiambia, ninywe tu niondoke. Akainama, akanywa, akainua macho. Lo! Kwenye kioo Nesrin, bibi harusi, anasingiziwa kuiba pete, na Bi Safinaz, mama mkwe, anagaragara chini kwa kilio. Mama Kishindo, aliyezoea kuichungulia tamthilia kwa mbali toka mawe yake, akasema atazame kidogo tu.

Kidogo tu! Mgongoni Kishindo akaamka.

"Ngiii! Ngiii!"

Chubwi! Kwapu! Kabla mama hajageuka, mtoto yumo kinywani mwa Mamba, nje kumebaki kisigino.

Mama Kishindo maneno yakamtoka. "Bwana Mamba baba yangu nakusihi mwanangu mchanga hana nyama ni manyoya matupu hata hujashiba naye nirudishie nakuomba..."

"Mmmh!" Mamba akanyoosha ukucha kwenye kioo. Kimya!

"Nyamaza, shoga," Kanga akamnong'oneza. "Utaliwa na wewe."

Lakini mbona hatafuni? Mama Kishindo alitazama, akatazama tena. Kumbe akitafuna, krau krau, hatasikia! Bi Safinaz analia, na Mamba alimpenda Bi Safinaz kuliko mkia wake mwenyewe. Machozi yalimtiririka, mtoto kambana kati ya meno, anangoja sehemu iishe ndipo atafune kwa raha. Na chini ya kioo ule mstari mwekundu unaoonyesha sehemu imefika wapi ulikuwa unatambaa, unatambaa kwenda mwisho.

Nikisema naliwa, alijiambia. Nisiposema analiwa mwanangu. Heri niliwe nikisema.

Akaona koo la Mamba: likapanda, likashuka, likapanda, likashuka. Ee, huyu naye ana lake la kusema, kalizuia tu!

Mama Kishindo akavuta pumzi. "Huyo Bi Safinaz," akasema kwa sauti, "ni mwongo."

Vichwa vyote mtoni vikamgeukia.

"Mmh!" akasema Mamba.

"Mwongo! Machozi gani yale, hata kamasi hayana? Pete kaificha mwenyewe."

Kanga hakuweza tena. "Hata mimi nilisema, shoga! Iko kwenye mto wa kulalia!"

"Nyie hamjui kitu," Nyani akadakia. "Mimi nimeshaona mwisho. Pete iko kwa..."

"Usitwambie!" wakapiga kelele wote.

"Jamani, mimi niko sehemu ya pili, hapa nimekuja kunywa maji tu!" Kobe akalia. "Hata harusi sijaiona! Mnaniharibia!"

"Mmmh!" Mamba akapiga mkia, pa! Lakini amle nani, na kinywa kimejaa?

Mama Kishindo akaendelea, maneno yanakanyagana. "Na huyo Nesrin naye simwelewi, mumewe bubu au vipi, mke anatukanwa yeye anachungulia dirishani. Na tamthilia yenyewe ilikuwa tamu msimu wa kwanza, sasa imechuja kama majani ya chai yaliyochemshwa mara tatu!"

"Mmmmh! Mmmmmh!" Macho ya Mamba yakatoka kama mayai.

Mstari mwekundu umebaki upana wa kidole. Mama Kishindo akafumba macho.

"Na anayempenda Bi Safinaz mpaka leo," akasema, "ni yule ambaye tamthilia hajaielewa."

"NANI HAJAIELEWA?" Mamba akanguruma. "Mimi? Mimi niliyeanza toka mwanzo? Yule mama amelea watoto saba peke yake..."

Puu! Kishindo akaanguka mchangani. Mama akamdaka kwa ngozi ya shingo, parakacha parakacha, juu ya mawe!

"...na mkamwana hata chai hampelekei! Hee, kitoweo changu!"

Mamba akageuka amfukuze. Nyuma yake muziki ukalia, ndiiin, pete inaonekana! Akageuka kwenye kioo. Kitoweo kinapanda mawe. Akageuka kwenye mawe. Pete inaokotwa. Shingo ikasokoteka kama kamba.

"Nyani! Simamisha! Simamisha hapo!"

"Mkubwa," akasema Nyani, "umesema wakati wa tamthilia. Sheria yako yasemaje? Jitafune basi!"

Akaruka mtini na rimoti yake, na wengine wote wakatimka, tifu-tifu-tifu, Kobe wa mwisho akilaani.

Sehemu ikaisha. Kioo kikaandika: Bado unatazama?

"Natazama!" akasema Mamba.

Kioo kimya.

"Natazama, nimesema! Niko hapa!"

Lakini nani abonyeze? Kioo kikazima, tii. Ndiyo maana mpaka leo Mamba hulala ukingoni, macho hayapepesi, kinywa wazi, tayari kujibu akiulizwa tena.

Na funzo letu, wanangu, ni hili: kusema katikati ya tamthilia ni utovu wa adabu, na mama mwenye mtoto mchanga anyamaze, awaachie wanaoelewa.

Hadithi nimeizima hapo. Ikiwa tamu, igaweni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Mamba, ila mumpe kwa mbali.